Avelina na Taa ya Kushoto

Liuli, Agosti 1993

Mdogo wangu Asteria,

Huku tuko wazima, na dagaa wa usipa wamejaa hadi tunawaanika juu ya bati.

Nataka nikusimulie habari za mkwe wangu Avelina, mjane wa Aidan. Juzi jirani alituendesha hadi Mbinga kwa pikapu ya marehemu, Avelina akafanye mtihani wa udereva. Wanangu walishaapa kwamba akifeli gari linauzwa.

Trafiki akalizunguka gari. "Mama, indiketa ya kushoto haiwaki. Sipandi humu."

Avelina akasema, "Naomba nafasi kidogo, afande." Akafungua kioo cha taa, akakuta globu ni nzima ila waya umeshika kutu. Akaukwangua kwa kisu, akaufunga upya, na taa ikaanza kupepesa.

Akafaulu! Wakati wa kurudi akashika usukani, akaniambia, "Mama, kaa mbele."

Tangu tumzike Aidan sijawahi kukaa mbele. Nikapanda. Asteria, unajua ninavyoogopa ule mteremko wa kushukia ziwani. Safari hii niliupita nikiwa usingizini.

Dada yako akupendaye,
Hilda