Besi Iliyokwaruza Kwaresima Nzima

Jumatatu, 27 Machi 1995
Nimetoka shambani, nimenawa, nimechomeka gitaa langu la besi. Bado linakwaruza. Noti ya chini kabisa inatoka kama mtu mwenye kikohozi anayeongea ndani ya debe. Nimebadilisha waya. Kelele ile ile.

Mwalimu wa kwaya alishasema: Pasaka besi ikikoroma kama Noeli, tutaimba kwa ngoma tu, nami nipumzike. Nipumzike na nani? Nyumba hii ina mimi na mbuzi. Kwaya ndiyo watu wangu.

Alhamisi, 30 Machi
Nimechemsha nyuzi za gitaa kwenye sufuria ya maharage. Leonidas alinifundisha: jasho la vidole linatoka, uzi unarudiwa na sauti yake. Zimetoka zinang'aa. Sasa linakwaruza huku linang'aa.

Leonidas alipiga solo, Tadeo ridhimu. Kabla ya Noeli wote wawili walipata kazi kwenye kambi ya wakimbizi, mmoja dereva, mwingine mlinzi. Siwalaumu. Uongo. Nawalaumu.

Jumamosi, 1 Aprili
Labda ni betri ya amplifaya. Nimeifunga kwenye baiskeli kutoka Mabawe mpaka Ngara mjini, ikachajiwa kwenye mashine ya kusaga. Malori ya chakula cha wakimbizi yalinipita, vumbi tupu. Kila lori nilimtazama dereva. Hakuwa Leonidas.

Jumapili, 2 Aprili
Betri imejaa. Inakwaruza.

Ningelijaribu kanisani kwenye nafasi kubwa, lakini Kwaresima paroko hataki gitaa mle ndani, hata kwa mazoezi. Tunaimba kwa midomo mitupu. Leo nilisimama mstari wa nyuma, sijui mikono niiweke wapi.

Jumanne, 4 Aprili
Nimefungua spika. Karatasi yake imechanika kidogo pembeni! Nimeibandika kwa gundi ya viraka vya baiskeli, nikaianika, nikaimba peke yangu kwa furaha. Ilipokauka nikapiga. Inakwaruza.

Shida ni hii. Nikipiga, siwezi kusikiliza vizuri. Ningetaka mtu apige, mimi nikae mlangoni nisikie kelele inatokea wapi. Zamani tulibadilishana hivyo. Sasa sina wa kumpa gitaa. Nimekaa nalo mapajani mpaka giza likaingia. Nimelia kidogo. Basi.

Ijumaa, 7 Aprili
Editha wa sauti ya pili alipita kuuliza kama mazoezi ya kesho yapo. Nilimshikisha gitaa kabla hajamaliza salamu.

"Kaka Pius, mimi sijui hili dude."

Nikamwambia avute uzi mnene tu, nikakimbilia mlangoni. Aliuvuta taratibu, kama anaogopa kuamsha mtoto. Sauti ikatoka nene, safi. Akarudia. Safi. Nikalichukua, nikapiga mimi. Likakwaruza.

Editha alicheka mpaka akakaa. "Mbona unalipiga hivyo? Mmegombana?"

Alipoondoka nyumba ilizidi kuwa kimya kuliko kabla hajaja.

Jumamosi, 8 Aprili
Ni mkono wangu. Waya, nyuzi, betri, spika, vyote nimevisingizia. Tangu wenzangu waondoke napiga kwa nguvu za watu watatu, ili mtu asiulize solo iko wapi. Uzi unagonga vyuma vya shingo, amplifaya inazidiwa. Nimeona aibu. Kisha nikamkasirikia Leonidas. Kisha nikamkumbuka tu.

Jumatano, 12 Aprili
Kupiga taratibu ni kazi ngumu kuliko kulima. Mkono unatulia kidogo, nikifika pale solo inapoingia unaongeza nguvu wenyewe. Likikwaruza Jumapili nimekwisha. Naogopa.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka
Wimbo wa Utukufu ulipoanza, kengele, ngoma, vigelegele, kanisa limejaa mpaka nje. Nilipiga taratibu. Besi ilitoka safi mpaka mwisho wa misa. Mwalimu aliniambia mazoezi ni Jumatano, kama alivyowaambia wengine wote.

Pale pa solo ya Leonidas palikuwa patupu. Kila mtu alisikia. Mkono ulitaka kupajaza. Nikauzuia, nikapiga noti zangu tu.