Canon ya Kizito

Kitale, Jumapili

Kaka Shafi,

Assalam aleikum. Mvua imeanza huku na Mama amepanda maharagwe. Anauliza kila siku utatoka lini Bungoma.

Unamkumbuka Kizito, yule mpiga picha anayeita kamera yangu ya Nikon jembe? Jana tulikutana harusini Kiminini, yeye akipiga picha upande wa bwana harusi, mimi wa bibi harusi. Tulizozana kama kawaida, watu wakicheka. Kisha nikashindwa. Lenzi yangu ni ya kuzungusha kwa mkono hadi picha ionekane wazi, na kila picha ilitoka na ukungu. Jicho langu la kulia lina ukungu tangu Ramadhani, kaka. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, lazima nipasuliwe. Mama hajui.

Kizito aliniona nikipangusa lenzi tena na tena. Akanivalisha Canon yake mpya shingoni. "Leo shika hii, Zuena. Inajitafutia macho ya mtu."

Wallahi, nilishangaa! Kimraba kidogo kwenye kioo cha kamera kilitua kwenye jicho la nyanya wa bibi harusi, kikamfuata kila alikogeuka. Wengine walimtazama bibi harusi. Mimi nilimngoja nyanya, na uso wake ulipoanza kutetemeka nikabonyeza.

Kizito alipoikuza picha, tuliona chozi limesimama shavuni, linang'aa.

"Hiyo ni kazi ya Canon," nikasema.

"Kwani kamera ilijua nyanya atalia?" akajibu. "Si ni wewe ulijua?"

Nitapasuliwa Alhamisi. Njoo, kaka. Naogopa.

Dadako,
Zuena