Ngozi Kumi na Mbili za Mbuke

Masumbwe,
3 Juni 1983

Kwa mdogo wangu Mbuke, Songwa.

Marahaba! Shikamoo yako naipokea, ingawa ni miaka kumi na sita hujanipa. Hujambo? Wajukuu na ng'ombe je? Huku tuko salama, mgongo tu ndio umezeeka, mimi bado. Ukiona mistari inapanda mlima usiseme nimelewa, mwandiko ni wangu mwenyewe, wa kisomo cha watu wazima.

Sasa sikia. Alikuja injinia wa kusoma, Bwana Onesmo, kutoka Mwanza, anatafuta mafundi wavumbuzi wa kupeleka maonyesho ya Sabasaba. Nikamwonyesha baiskeli yangu inayokoboa mahindi, nikamwambia wanawake wa kijiji kizima walitupa vinu. Walitupa wawili. Halafu nikamtolea pampu yangu, ile niliyoiunda mwaka sitini na saba kule machimbo ya Geita, maji yalipotufukuza shimoni. Nikamwambia ilikausha shimo mpaka vyura wakahama wilaya. Akacheka, akasema cheti cha maonyesho kitakuwa na jina langu.

Lakini ngozi ya ndani, ile inayovuta maji, ilikuwa imekwisha. Akataka nikate nyingine aone. Watu wamejaa, hata Marcel mnunuzi wa dhahabu yupo. Nikakata, nikapampu mpaka kofia ikalowa jasho. Ikakohoa tu, tone halikutoka. Marcel akaniuliza napampu maji au naomba mvua.

Mbuke, mimi na wewe tunajua. Pampu ile ilikuwa inapiga miluzi tu, mpaka siku ulipotuletea chakula ukanicheka, ukauliza kwa nini naweka ngozi kavu kama ya kulalia. Ukaikanda kwa samli kutwa nzima, kama mama alivyokanda ngozi za kuvaa, ukaikunja kama kikombe. Maji yakapanda. Ukanikatia kumi na mbili za akiba. Nami mwaka ule ule, kwenye harusi ya binti yangu Paskazia, nikasimama nikasema nimeiota mwenyewe usingizini. Hata wabeja, asante tu ya kwetu, sikukwambia. Uliondoka wali haujaiva.

Iliyokwisha ni ile ya kumi na mbili.

Nimemwambia Bwana Onesmo yote, na Marcel akisikia. Atarudi tarehe ishirini na tano. Njoo na samli. Kwenye cheti jina lako litaandikwa juu, langu chini, ila nimeomba herufi kubwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Na leo, mdogo wangu, natoa mimi: shikamoo.

Kaka yako,
Mageni