Kadi Kumi na Moja za Presha

Jumatatu, 3 Februari

Kucha za miguu tena. Kila Jumatatu ni kucha, pale makao ya wazee, beseni moja na mkasi butu. Za Mzee Kiprono ni ngumu kama pembe na chini yake kuna uchafu wa miaka. Niliona kinyaa. Nikazikata zote.

Sharleen, mwenyekiti wa klabu yetu ya madaktari watarajiwa, alifika saa tano na gari la mamake kutoka Elgon View, mtaa wa wenye pesa. Akaushika mguu wa mzee huyo huyo mpaka picha ikatoka vizuri, kisha akanawa hadi viwikoni. Sister Jeruto, nesi mstaafu anayetusimamia, alitusainia masaa sawa. Manne mimi, manne yeye.

Jumatano, 5 Februari

Nimeisoma fomu ya udhamini mara ya tatu. A minus yangu ya kidato cha nne haitoshi. Wanataka shughuli za nje ya darasa na barua ya msimamizi. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, na tuko watano. Bila udhamini huu, udaktari niusahau. Basi nitakata kucha na nitatabasamu.

Leo klabu ilijadili ni shughuli gani inayouza kwa wafadhili. Kenneth alisema mayatima wanauza kuliko wazee. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeongea juu ya viazi. Wakaamua tupime watu bure hapa kwetu Kapsoya, uwanja wa kanisa, Jumamosi.

Jumamosi, 8 Februari

Nimechoka na najichukia.

Watu walipanga laini tangu asubuhi. Mimi na Sharleen tulikuwa meza ya presha. Kama saa sita mashine ikazima. Betri. Duka liko ng'ambo ya barabara, hatua thelathini, na betri zinauzwa pale. Lakini wenzetu walikuwa wanapangwa kwa picha ya pamoja, na Sister alikuwa ndani ya kanisa akipima watoto uzito.

"Andika tu 120/80 kwenye kadi zao, presha ya kawaida," Sharleen akaniambia. "Hakuna mtu atacheki. Hii laini itatuweka hapa mpaka jioni."

Niliandika. Niliwafunga kitambaa mkononi, nikapampu, nikajifanya nasoma kioo kisicho na kitu. Kadi kumi na moja. Wote walisema asante. Mmoja aliniombea.

Jumapili, 9 Februari

Picha ziko kila mahali. Niko kwenye moja, nimeshika kalamu. Mama ameituma kwa ukoo mzima. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 13 Februari

Nilienda kununua sukuma kwa Mama Atieno, kibanda cha karibu na lango letu. Ametoka upande wa ziwa miaka mingi, na huniita daktari tangu niko darasa la sita. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Leo alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Kadi yangu ameibandika ukutani juu ya nyanya, kila mteja aione.

"Daktari wangu, si uliona mwenyewe nimepona?" akasema. "Zile tembe za presha nimeachana nazo tangu Jumamosi."

Ametumia tembe hizo miaka sita. Sikununua sukuma. Nilirudi nyumbani nikajifungia chooni.

Ijumaa, 14 Februari

Nilimpeleka dispensari asubuhi. 186/112, juu kupita kiasi. Wakamlaza kitandani, wakamrudishia dawa. Nilimwambia ukweli akiwa amelala pale. Hakunigombeza. Aligeukia ukuta. Afadhali angenitukana.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Sister Jeruto, kabla woga haujanirudia. Nilimweleza yote.

"Uliandika kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Sister."

Alikuwa ameshaandika barua yangu. Ilikuwa mezani, na jina langu juu. Aliikunja akaitia kwenye droo, akanipa daftari la majina ya waliopimwa siku ile. Akasema niwatafute wote, na barua nisiiulizie tena.

Jumatatu, 17 Februari

Mkutano wa klabu. Sharleen alisema hakumbuki mashine ikizima. Alinitazama machoni akisema hivyo. Kenneth akaniita msaliti, eti nimewaharibia wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Mama Atieno anaendeleaje.

Sharleen naye amenyimwa barua. Haimsumbui. Babake ana rafiki mwenye kliniki, na barua nyingine tayari iko kwenye simu yake. Tulipotoka alinionyesha. Inasema ana moyo wa huruma. Uchafu wa kucha za Mzee Kiprono ni msafi kuliko karatasi ile.

Jumatano, 19 Februari

Nimewafikia saba. Nabisha hodi, najitambulisha, nasema nilidanganya, naomba waende wapimwe. Mama mmoja alinipa chai. Mwanamume mmoja alinifungia mlango, na ana haki. Wawili walikuwa wameacha dawa kama Mama Atieno.

Ijumaa, 21 Februari

Leo ni mwisho wa kutuma fomu. Nimeituma bila barua. Pale wanapouliza shughuli za nje ya darasa niliandika kucha, basi. Baba aliuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 23 Februari

Wamepatikana kumi. Mama Atieno amefungua kibanda. Ananiita kwa jina langu sasa, Chepkoech.

Amebaki mmoja. Kwenye daftari nimeandika "Mzee" tu, na 120/80 mbele yake. Nakumbuka alivaa gambuti na koti la kijivu. Ndiye aliyeniombea.

Nilisimama kwenye lango la kanisa ibada zote mbili. Niliuliza wazee wa kanisa, nikauliza akina mama wa kwaya. Kulikuwa na makoti mengi ya kijivu. Watu wakatoka wote, mlinzi akaanza kufunga. Nikamwomba asubiri kidogo.