Wifi Ameniomba Nisitembee Mlimani

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada naomba samahani, maana barua hii niliianza mtoto hajaota jino na sasa anauma, kila nikishika kalamu ama yeye analia ama mimi nasinzia. Mimi ni mama kijana, kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, na ninakimbia. Usicheke. Nilipojifungua niliingiwa na huzuni nisiyoijua jina, mama mchungaji akaniambia toka nje utembee ukiongea na Mungu, nikatembea, kutembea kukawa kukimbia, na kila kilomita nikaipa mtu wa kumwombea, hii ya mama yangu, hii ya baba mtoto, na miguu ikitaka kugoma najiambia huwezi kumwacha mama yako katikati ya barabara, basi nasonga, na huzuni nayo ikaanza kubaki nyuma.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda wa kilomita zangu, nikasema na zile mbio ndefu za mji nitaziingia, kilomita ishirini na moja. Tangu hapo watu wananivizia mlangoni kama vile nagawa viwanja. "Farasi wa Bwana, mimi nipe kilomita ya mwisho," akasema kiongozi wa kwaya, "huko ndiko mbingu zinasikia vizuri." Mzee wa kanisa na mkewe niliwabana kwenye kilomita moja, wamenuna, kila mmoja anataka yake. Mama mkwe amechukua mbili na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Hayo ningeyabeba. Lakini wifi yangu, ambaye ameolewa miaka mingi na bado anamngoja mtoto, na ndiye anayenishikia wangu nikiwa kazini, alinifuata jikoni nikiosha chupa za maziwa akasema, "Wifi, mimi nipe ule mlima wa nyuma ya hospitali, mtakaopita siku ya mbio." Nikamwambia mlima ule mgumu. "Ndiyo maana nautaka. Nitakuja kusimama palepale juu. Nakuomba kitu kimoja tu, usitembee. Ukiupanda mbio mpaka juu, nitajua Mungu amekubali." Nami kwa woga nikaitikia, "Sawa, wifi."

Mshauri, mlima ule sijawahi kuupanda mbio hata siku moja! Huwa natembea nimeshika kiuno, na sala yangu pale ni neno moja tu, "Pumzi." Nilipomwambia mume wangu alicheka, eti nijifiche nyuma ya mtu mnene nipite. Nikitembea nitamvunja moyo dada yake, nikijitoa mbioni nitamvunja vilevile. Basi naomba unitumie haya: maneno ya kumwambia wifi yasiyomkata tumaini, jibu la kiongozi wa kwaya lenye adabu ya kutosha, na ruhusa ya kutembea, kama ipo.

Mpiga pasi aliyeishiwa pumzi

JIBU

Pole, mwanangu. Meno ya mtoto, pasi kutwa, na bado unakimbia na mizigo ya watu: hao wanaokuita farasi wangesema kweli wangekuita punda. Lakini na wewe! Nani alikutuma ugawe barabara? Kiongozi wa kwaya mwambie kwa heshima zote kwamba mapafu yake yameshinda yako, kwa hiyo ya mwisho aikimbie mwenyewe, akiimba. Mzee na mkewe wapige magoti pamoja, huenda hata wakapatana. Mama mkwe mwachie mbili zake, mimi sitafuti kesi. Na ruhusa ya kutembea unayo, ulikuwa nayo siku zote.

Kwa wifi sitanii. Ulipoitikia "sawa" ulidhani unamhurumia, kumbe umemtundika mtoto anayemngoja kwenye magoti yako. Mungu hamfungi mtu tumbo kwa sababu mwingine kaishiwa pumzi. Hilo wewe unalijua, naye analijua, ila aliyengoja sana hushika hata jani. Usije ukamnyang'anya hilo jani mkononi siku ya mbio, mbele ya umati.

Nenda kwake wiki hii. Mtoto mwachie huyo mumeo mcheshi, maana si vizuri kumwambia mambo haya ukiwa umempakata mwana. Mwambie wazi: "Wifi, nilikuitikia kwa woga. Mlima ule huwa natembea. Nitakuombea nikitembea, nitakuombea na nikiwa kwenye pasi, lakini miguu yangu siyo jibu la Mungu." Akilia, usikimbilie kumwombea ili anyamaze. Kaa naye. Akikasirika, kaa pia.

Akishatulia, mwombe na wewe kitu. Siku ya mbio asisimame juu ya mlima kama mkaguzi. Asimame chini, amevaa raba. Ukifika mshike mkono, mpande nyote wawili polepole, mkisali au mkinyamaza, vyovyote mtakavyoweza. Na msimamizi wa mbio akiwauliza mnafanya nini, mwambie hayo ni mambo ya mtu na wifi yake.