Homoni Zangu Zimepita Kiwango, Nimrudishe Mke Kwao?

Mpendwa Anti Maximilla,

Shikamoo, na naomba unisaidie haraka maana furaha imenizidi, damu yangu imepimwa maabara moja huko Kasulu na homoni ya kiume imekutwa imejaa mpaka imepita kiwango, Anti, imepita! Wenzangu wanapungukiwa, mimi yangu imevuka mstari, kaka yangu Bazilio alipoiona karatasi alirusha kofia juu akapiga kelele, "Umugabo nyawe!", yaani mwanaume wa kweli, na kesho yake nikaipeleka steshenari Kibondo mjini wakaitia plastiki isije ikalowa.

Mimi ni mkulima wa Mabamba, na pia nabeba ndizi na maharage kwa baiskeli kupeleka Kibondo, kazi ya milima mitupu. Nina mke, tumwite Claudine, kwao ni Kasulu, tulifunga ndoa kanisani na Mungu akatujalia binti, Arielle, ambaye sasa yuko shule ya msingi, ila tangu huyo kimya, hakuna hata dalili, na maneno yakaanza nyumbani kwamba tumbo la Claudine limefunga. Mwenyewe ameenda hospitali mara nyingi akapimwa kila kitu, wanamwambia yuko sawa, mama anasema madaktari wanamficha, basi Bazilio akaniambia, "Sha, ndugu yangu, nenda na wewe upimwe homoni, ukikutwa mzima tujue pa kuanzia," ndiyo nikaenda.

Na kwa kweli majibu hayakunishangaza, maana tangu Arielle ananyonya nachomwa sindano ya nguvu, wabeba mizigo wengi tunachomwa, kuna jamaa huja siku ya soko na vichupa vyake vya mafuta ya njano, anasema ndiyo homoni ya kiume yenyewe, ile ya wanyanyua vyuma, anatuchoma makalioni nyuma ya vibanda na baada ya hapo unaupanda mlima huku unaimba. Ndevu zimejaa, kifua kimetanuka, ni zile sehemu nyeti tu zimenywea kidogo, nadhani ni kiti cha baiskeli. Dada wa maabara aliniuliza kama natumia dawa yoyote nikamwambia hapana, dawa ni ya mgonjwa na mimi siumwi.

Sasa mambo yanakwenda mbio. Mama ameshafukia ndizi shimoni ziive, za pombe ya kupeleka posa kwa kina Esteri, binti mmoja wa Kibondo, na Bazilio anataka Claudine awe amesharudi kwao kabla ya siku hiyo. Claudine hajui, anaona nyumba imechangamka naye anachangamka, jana kaniuliza, "Majibu yako ni mazuri, si ndiyo? Basi na sisi tutapata?" nikachukua baiskeli nikatoka. Anti, nampenda huyu mwanamke, hajanikosea kitu, ila na mimi nataka watoto, na mwili wangu umeshathibitishwa. Nimwambieje aondoke bila kuumia?

Dume la Mabamba, Kibondo

*

Dume la Mabamba,

Marahaba. Kaa chini kwanza, na hiyo plastiki yako iweke pembeni. Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka nilipofika kwa Claudine anayeuliza "na sisi tutapata?" Hapo kicheko kiliniisha. Pole ninayo, lakini ya kwanza ni ya huyo mwanamke. Wewe subiri zamu yako.

Umepimwa homoni, baba. Homoni si mbegu. Kipimo kile kinaonyesha kiasi cha homoni ya kiume kilichomo kwenye damu, basi. Hakisemi kama unaweza kumpa mwanamke mimba. Hilo linajulikana kwa kupima mbegu, na huko hujafika. Tena hata hiyo homoni unayotamba nayo si yako, ni ya yule jamaa wa sokoni! Mtu anamimina maji kwenye pipa kwa mkono wake, halafu anarusha kofia kwa kuwa pipa limejaa?

Sasa sikia ambalo Bazilio halijui. Homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, mwili unaona hauna haja tena ya kutengeneza ya kwake. Makende yanalegeza kazi, na kazi mojawapo ni kutengeneza mbegu. Kuna wanaume wanaoishiwa mbegu kabisa kwa sindano hizo hizo. Ndiyo maana unaona yamenywea, kiti cha baiskeli usikisingizie. Jiulize mwenyewe. Arielle alipatikana kabla ya sindano. Sindano zikaanza, mimba zikakoma. Ndani ya nyumba hiyo ni nani aliyebadilika? Mimi siwezi kukupima kupitia barua, huenda kuna na jambo jingine, lakini ningekuwa wewe nisingethubutu kumgusa huyo mwanamke kwa neno moja.

Na hapa na mimi nafurahi, nafurahi hasa, kwa sababu umeandika kabla hujaharibu! Wanaume wengi wakiacha sindano hizo, mbegu hurudi. Si wote, na si upesi, ni suala la miezi na wakati mwingine mwaka na zaidi, ila wengi hurudi. Mnaweza bado kupata.

Kwa hiyo usichomwe tena, hata mlima uwe mrefu namna gani. Nenda hospitali ukamwambie daktari kila ulichoniambia mimi, na ukikipata kile kichupa kitupu kibebe. Omba upimwe mbegu. Omba na kipimo cha virusi vya UKIMWI na cha homa ya ini, maana hujui sindano ile ilimtoka nani ndipo ikaja kwako, na wenzako wa baiskeli waambie hivyo hivyo. Ukiacha unaweza kulegea mwili na kunyong'onyea moyo kwa muda, ndiyo sababu nataka daktari awe anakuangalia, na mzigo upunguze. Siku atakapokutaka upime homoni tena, damu hutolewa asubuhi, ndipo zinapokuwa juu. Na wakikuuliza kuhusu dawa, taja sindano, nakuomba!

Mama yako mwambie safari ya posa haipo. Ndizi zikiiva zikamuliwe, mnywe na majirani. Atanuna, mwache anune. Bazilio naye aokote kofia yake.

Unaniuliza umwambieje Claudine aondoke. Haondoki. Mwanamke huyo amekwenda hospitali peke yake miaka yote hiyo, akirudi anakuta anasemwa, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo unasikia. Ongea naye leo, kabla hajasikia habari za posa kwa mtu mwingine. Usianze na maneno ya "tuna tatizo." Mwangalie machoni useme, "Claudine, huenda ni mimi. Safari hii twende wote."

Anti Maximilla