Sauti Yako Ndani ya Maktaba

Lodwar,
Februari 2013

Kwa ndugu yangu Ebei,

Ejok, hujambo? Mke wako na watoto wanaendeleaje huko Kakuma, na joto hili linawaacha walale? Nasikia kampeni zimepamba moto, na picha yako imebandikwa mpaka kwenye vibanda vya chai. Niliposikia unagombea uwakilishi wa wadi nilifurahi kama mimi ndiye niliyekuzaa. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu.

Unakumbuka mwaka jana laga, ule mto mkavu, ilipojaa na maji yakabomoa nyumba yangu. Ulinipigia ukasema nisirudi kwa mama, nikae hapa hapa Lodwar, utakuja kunichukua mwenyewe. Basi nikangoja. Sikutaka kukueleza kwenye simu nilikuwa nangojea wapi. Ni kwenye maktaba ya umma, nyuma ya soko.

Mwanzoni niliingia kukimbia jua tu. Mle kuna kivuli na maji ya kunywa, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Nikakuta wengine wasio na nyumba kama mimi. Mmoja ni Nyaduoth, mama wa Sudan Kusini aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi kutibiwa mguu hospitalini, na hakuwa na pa kulala akingojea siku yake ya kumwona daktari. Ewoi, msimamizi wa maktaba, alituruhusu kulala barazani, mradi tufagie kabla wanafunzi hawajafika.

Kisha wazazi wakaanza kulalamika, nami siwalaumu. Mtoto anakuja kusoma anakuta mtu amelala chini ya meza, na mizigo yetu imeziba njia. Ewoi akaitisha mkutano mle mle. Wengine walitaka tufukuzwe siku hiyo hiyo. Mwalimu Amuria akawaambia kwamba wakitufukuza bila kutuonyesha pa kwenda tutahamia sokoni, na wiki ijayo watakuwa na mkutano mwingine wa soko. Walibishana sana. Mwishowe wakakubaliana kwamba wenye jamaa wapelekwe kwa jamaa zao, wasio na mtu walale kwenye ukumbi wa kanisa, na mchana maktaba ibaki wazi kwa yeyote atakayekaa kwa utaratibu.

Ewoi akaanza kutuandika mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika nilisimama kwa maringo. Nikasema mimi si mtu wa ukumbini, ndugu yangu ni Ebei wa Kakuma, yule wa kwenye picha, naye yuko njiani kunichukua. Nikampa Ewoi namba yako. Akapiga, akaweka simu mezani, sauti juu, ili kila mtu asikie.

Ebei, nilikuwepo. Ewoi alikuuliza kama una dada anayeitwa Akal, ambaye analala maktaba hapa Lodwar. Ukasema, "Huyo simjui. Wakati wa kura kila mtu ni ndugu yangu." Nikasikia watu wakicheka hapo ulipokuwa, nawe ukacheka nao.

Huku hakuna aliyecheka. Ewoi alitaka kukupigia tena, nikamshika mkono. Mimi niliyekubeba mgongoni tulipokuwa tukihama na mbuzi sikujua niangalie wapi. Hata siku ya mafuriko, nilipopita barabarani nimelowa, nimeshika sufuria moja, sikuona aibu kama ile. Ndipo Nyaduoth akasimama kwa mguu wake mbovu, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Andika huyu dada yangu. Yeye iko na mimi." Ewoi akatuandika pamoja.

Sasa tunalala ukumbini, mkeka mmoja. Yeye hupika, mimi humsindikiza hospitalini.

Juzi mama alipiga akauliza kama umeshakuja kunichukua. Nikamwambia kura zimekubana. Huo ni uongo wa mwisho ninaokusemea. Akiuliza tena nitamwambia ulivyosema, neno kwa neno.

Usihangaike kuja. Nisalimie mke wako, na watoto pia. Kama itakuwa vigumu kuwaambia mimi ni nani, waambie tu kuna mama mmoja huko Lodwar anawasalimu.

Mimi,
Akal